Je, Wajua? Aliyetaka Udaktari Akachagua Meno, na Kwa Nini Nakuru Inamhitaji

Je, wajua kwamba Kenya haina ile miaka ya maandalizi ambayo Mmarekani huipitia kabla ya udaktari? Kule mtu husoma shahada nzima ya kwanza, kwa kawaida miaka 4, ndipo aombe nafasi ya udaktari au ya meno, kisha asome mingine 4. Hapa kwetu kijana hutoka kidato cha nne akaingia moja kwa moja. Kwa hiyo mwanafunzi wa Nakuru anayeacha ndoto ya udaktari wa kawaida akashika ya meno hana miaka 4 ya kutafakari. Aghalabu ana siku chache tu za kujaza maombi ya KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, akiwa saibani na mzazi kando yake, slipu ya mtihani wa KCSE mkononi na foleni ya watu nyuma yao. Uamuzi wa maisha mazima hufanyika hapo, na mara nyingi hufanyika bila habari za kutosha. Ukurasa huu umekusanya habari hizo.

Je, wajua kwamba mlango wa udaktari na mlango wa meno hupimwa kwa masomo yaleyale manne? Ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Mwanafunzi aliyeng'ara katika fasihi na sarufi akateleza kidogo katika Kiingereza hajafungiwa njia ya kiti cha meno. Wazazi wengi hawalijui hili, na baadhi ya wanafunzi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Na zile pointi za klasta zinazowakosesha watu usingizi, wajua zinavyopatikana? Msingi wa hesabu ni huu. Kila gredi ina pointi: A ni 12, A- ni 11, na kuendelea hivyo hadi E yenye 1. Masomo 7 bora hutoa jumla isiyozidi 84. Masomo 4 ya klasta, yaani yale manne ya hapo juu, hutoa jumla isiyozidi 48. Tuseme msichana wa Njoro ana 77 kati ya 84, na 44 kati ya 48. Gawanya 44 kwa 48, gawanya 77 kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Anapata 44 kamili. Jirani yake ana 77 zilezile, lakini katika yale manne ana 40 tu kwa sababu alama zake nzuri ziko kwenye Historia na Dini. Piga hesabu hiyohiyo: 41.95. Wote wawili wana wastani wa A-, wote wawili wamesherehekewa nyumbani kwa soda na kuku, lakini mbele ya kozi za afya wameachana kwa pointi 2. Katika kozi hizi, pointi 2 ni umbali mkubwa.

Ndiyo maana ushauri wa kuhamia meno ukingoja matokeo huwa umechelewa. Nafasi hii hutafutwa kuanzia kidato cha tatu, kwenye Kemia na Biolojia.

Je, wajua kwamba kozi ya meno si hifadhi ya waliokosa udaktari? Kiwango cha kuingilia meno hukaribiana sana na cha udaktari, kwa kuwa nafasi za meno ni chache mno. Anayeandika udaktari katika nafasi ya kwanza na meno katika ya pili, akidhani ya pili itamdaka akianguka, anaweza kuzikosa zote mbili. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayeyataka meno kwa dhati ayaandike ya kwanza.

Baada ya kupangiwa kozi, KUCCPS hufungua muda wa kuomba uhamisho. Aliyeitwa kusomea kozi nyingine ya sayansi anaweza kuomba kuhamia meno, mradi pointi zake zifike kiwango cha mwisho kilichotumika mwaka huo katika kozi anayoitaka, na mradi nafasi ipo. Uhamisho hauongezi alama. Wapo wanaolipa watu wa pembeni wakiahidiwa kwamba "mambo yatapangwa". Usimlipe mtu. Ombi hufanywa na mwanafunzi mwenyewe, kupitia akaunti yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba Nakuru iko karibu katikati kabisa ya shule mbili za meno za vyuo vikuu vya umma? Ukishika barabara kuu kuelekea kusini-mashariki, baada ya takriban kilomita 160 uko Nairobi, ambako Chuo Kikuu kilianza kufundisha meno mwaka 1974. Ukielekea kaskazini-magharibi, mwendo wa karibu kiasi hichohicho unakufikisha Eldoret, kwenye shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Moi. Egerton, chuo chetu cha nyumbani kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo pale Njoro na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, kina kitivo cha afya mjini Nakuru na kinafundisha udaktari. Mtoto wa Nakuru anayetaka udaktari anaweza kusomea karibu na kwao. Anayetaka meno hupanda matatu.

Kabla ya 1974, Mkenya aliyetaka shahada ya meno alikuwa hana budi kuifuata ng'ambo.

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa meno wa Chuo Kikuu cha Nairobi huanza kwa masomo ya msingi yaleyale ya mwenzake wa udaktari? Anatomia ya mwili mzima, fiziolojia, baiokemia: hakuna anayesamehewa moyo na figo eti kwa kuwa kazi yake itakuwa mdomoni. Na sababu ipo. Mgonjwa wa kisukari fizi zake hupona polepole. Mwenye vali mbovu ya moyo huweza kuhitaji kinga ya dawa kabla ya kung'olewa jino. Anayetumia dawa za kupunguza mgando wa damu anaweza kutoka damu kwa muda mrefu. Daktari wa meno asiyeujua mwili ni hatari kwenye kiti chake. Kwa hiyo yule anayehuzunika kwamba akichukua meno ataukosa udaktari, na asome ratiba ya mwaka wa kwanza kabla ya kulia.

Tofauti huja mikononi. Mwanafunzi wa meno hupewa kipande cha nta na kisu kidogo, akaambiwa achonge jino. Si picha ya jino: jino lenyewe, kwa milimita. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina vilele 5 na mizizi 2. La juu lina mizizi 3. Ukikosea mteremko wa kilele kimoja, mwalimu hulipima kwa kifaa na kulirudisha. Baada ya nta huja kichwa cha bandia kilichofungwa meno, na mashine ya kutoboa ambayo ncha yake huweza kuzunguka mara 400,000 kwa dakika. Na hapo kuna kitu ambacho wengi hawakitarajii: magego ya juu huwezi kuyatazama moja kwa moja. Unayafanyia kazi ukitazama kioo kidogo, ambamo mwendo wa mkono huonekana umegeuzwa. Ukitaka kusukuma, macho yanakwambia unavuta. Mikono hujifunza upya, kwa wiki na miezi, kama ya mtoto anayeanza kushika penseli. Ukiwa mtu anayefurahia kushona, kuchora, kutengeneza redio au kusuka nywele, una kitu ambacho KCSE haikukipima.

Wamarekani wao hukipima. Mtihani wao wa kuingilia shule za meno, unaoitwa DAT na kusimamiwa na chama cha madaktari wa meno cha nchi hiyo, una sehemu yenye maswali 90 ya kufanywa kwa dakika 60 kuhusu maumbo tu. Karatasi imekunjwa mara mbili tatu, ikatobolewa tundu. Ukiikunjua, matundu yatakuwa wapi? Pembe nne zimechorwa. Ipi ndogo zaidi? Hapana Fizikia katika DAT, ilhali mtihani wa kuingilia udaktari, MCAT, una Fizikia na saikolojia juu yake. Hili linawahusu watoto wa Bonde la Ufa zaidi ya unavyofikiri. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners na Mike Boit, yule mshindi wa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, umewapeleka vijana wengi wa eneo hili vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini. Mmoja wao akibadili nia kutoka udaktari hadi meno akiwa huko, masomo ya maandalizi aliyokwisha kuyafanya, yaani biolojia na kemia, mengi yanamfaa bado. Kinachobadilika ni mtihani, na saa anazopaswa kukaa kliniki akimtazama daktari wa meno akifanya kazi.

Shahada za huko huitwa DDS au DMD. Ni kitu kimoja. Ya kwanza ilianzia Baltimore mwaka 1840, ya pili Harvard mwaka 1867. Tanzania nayo hutoa DDS pale Muhimbili. Kenya na Uganda hutoa BDS. Usimbabaikie mtu kwa herufi tu.

Lakini hili ulijue kabla ya kuuza shamba la Molo kwa ajili ya karo ya ng'ambo: huwezi kurudi na shahada ya meno ya nje ukafungua kliniki Kenyatta Avenue wiki inayofuata. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, huangalia kwanza chuo ulichosomea, alama zako za sekondari, kisha hukutahini. Mzazi aulize Baraza kabla ya kumlipa wakala. Kuuliza ni bure.

Je, wajua kwamba Baraza hilo ni moja kwa wote? Daktari wa upasuaji wa ubongo na daktari wa meno husajiliwa chini ya sheria moja, Sura ya 253. Chama chao cha wafanyakazi pia ni kimoja, KMPDU, na ile herufi D ni ya madaktari wa meno. Mgomo wa siku 56 wa mwaka 2024, uliomalizika mwezi wa Mei, ulihusu pamoja na mengine malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikapendekeza 70,000. Mhitimu wa meno naye lazima apitie mwaka mmoja wa unagenzi kabla ya kupata leseni ya kufanya kazi. Mtu anayepiga hesabu ya kozi hii na auweke mwaka huo kwenye hesabu yake, pamoja na miezi ya kungoja kupangiwa hospitali.

Na sasa tufike kwenye maji, maana ndiyo sababu ya Nakuru kumhitaji daktari wa meno.

Je, wajua kwamba Ziwa Nakuru limewahi kupimwa na kukutwa na floridi miligramu 2,800 kwa lita? Jirani yake Elementaita, 1,640. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa maji ya kunywa hakizidi 1.5. Maziwa hayo hatuyanywi, ila heroe hujilisha humo. Lakini visima vinachimbwa katika mwamba uleule wa volkano. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulipima sampuli 1,286 za maji ya ardhini kutoka sehemu nyingi za Kenya: asilimia 61 zilizidi miligramu 1 kwa lita, na karibu moja kati ya 5 ilizidi miligramu 5. Maji hupita polepole kwenye mwamba wa joto wenye floridi nyingi na chokaa kidogo. Chokaa ingekuwepo kwa wingi, ingeikamata floridi na kuituliza chini. Huku haipo ya kutosha, kwa hiyo floridi hupanda na maji hadi kwenye ndoo.

Matokeo tunayaona kila siku sokoni na kanisani. Meno ya kahawia, yenye madoa, mengine yenye vishimo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta hali hiyo kwa takriban watoto 4 kati ya 10 nchini.

Wajua kwamba mtu mzima anayehamia Nakuru leo hawezi kupata meno hayo, hata anywe maji hayo miaka 30? Enameli hujengwa utotoni tu, jino likiwa bado limefichwa ndani ya taya. Ya meno ya mbele hukamilika kabla mtoto hajaanza shule ya msingi. Ya magego mengi kufikia umri wa miaka 8 hivi. Floridi ikizidi wakati huo, enameli hukua na vitundu, kisha jino likitoka, vitundu hivyo hunywa rangi. Kwa hiyo mwenye meno ya kahawia hakuacha kupiga mswaki. Si mchafu, wala hajavuta sigara kwa siri. Alikunywa maji ya kwao alipokuwa mdogo. Tumewaumiza watoto wengi kwa kuwasuta kwa jambo ambalo liliamuliwa na kisima.

Je, wajua kwamba magadi jikoni huongeza tatizo? Magadi ya kulainishia maharagwe na mboga za kienyeji huja na floridi yake, hasa yale ya kuokotwa kandokando ya maziwa. Mama anayechemsha githeri kwa magadi na maji ya kisima humpa mtoto mara mbili.

Aliyegundua uhusiano wa maji na madoa hakuwa wa Afrika. Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, kijana aliyetoka shule ya meno karibuni, akashangaa wenyeji wana meno ya kahawia na hakuna anayejua sababu. Aliifuatilia miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini ya ALCOA alipima maji na kukuta floridi. McKay alikuwa ameona jambo jingine pia: meno yale ya madoa hayakuoza kwa urahisi. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kuongeza floridi kidogo katika maji ya miji isiyo nayo, kuanzia Grand Rapids mwezi wa Januari 1945, na baadaye katika dawa ya meno. Dunia ikajifunza kuongeza. Bonde la Ufa likabaki linahitaji kupunguza.

Na kipimo cha kitaalamu kinachotumika kupanga ukali wa madoa hayo, kutoka 0 hadi 9, kiliundwa na Wadenmaki wawili, Thylstrup na Fejerskov, mwaka 1978, kwa kuchunguza meno kutoka Tanzania. Meno ya Afrika Mashariki yamewafundisha madaktari wa dunia nzima.

Sasa sikiliza jambo ambalo mwanafunzi wa Kemia wa Nakuru angepaswa kufundishwa wa kwanza. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza miaka ya 1990 kushughulikia floridi kwa makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa nyuzi za joto mia kadhaa, hadi nyama na mafuta yaishe, kisha husagwa kuwa chengachenga na kujazwa kwenye kichujio. Maji yakipita, floridi hubaki. Kwa nini? Kwa sababu madini ya mfupa ni yaleyale ya jino, haidroksiapataiti, nayo huipenda floridi: huachia kipande chake kimoja na kuikamata hiyo badala yake. Kile kinachotokea ndani ya kichujio hufanana sana na kile ambacho kingetokea ndani ya meno na mifupa ya mtoto. Tofauti ni kwamba kimetokea kwenye mfupa wa ng'ombe, nje ya mwili wa mtu. Chengachenga hizo hatimaye hushiba, na maji hayabadiliki rangi wala ladha kukuonya. Lazima yapimwe, na makaa yabadilishwe. Kichujio kilichosahauliwa ni pipa tu.

Huyo ndiye daktari wa meno ninayemtaka kwa eneo hili: anayejua kuziba jino, na anayejua kuuliza mgonjwa anachota maji wapi.

Tiba ya madoa ipo. Mepesi husuguliwa kwa dawa maalumu au kung'arishwa. Yaliyoingia ndani hufunikwa kwa utomvu wa rangi ya jino au kwa ganda jembamba la kauri. Lakini gharama yake huwazidi wengi, na hakuna dawa ya kuiotesha enameli upya, kwa kuwa haina chembe hai. Asiyependa kazi ya kinga, ya kuzunguka shuleni na kwenye visima, atatibu maisha yake yote bila kupunguza foleni.

Mtoto wa chini ya miaka 3, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele inatosha. Usimjazie mswaki kama wa kwenye matangazo.

Je, wajua kwamba ugonjwa unaoitwa "meno ya plastiki" haupo? Mtoto mchanga anaharisha au ana homa, fizi imevimba mahali pa chonge, mtu anasema kuna meno mabaya na kuyachokoa kwa kisu, sindano au spoku ya baiskeli. Kinachochokolewa ni chonge lake halali ambalo halijatoka. Mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi, na jino la ukubwani linalokua nyuma yake huharibika. Watafiti waliliandika jambo hili miongoni mwa Wamaasai wa Kenya katika miaka ya 1990, na limeonekana pia Uganda na Tanzania. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari, na zahanati.

Desturi nyingine, ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini, ilikuwa ya Wakalenjin na Wamaasai. Wazee wengi husema ilikuwa njia ya kumlisha mtu aliyefungwa taya na pepopunda.

Je, wajua kwamba safari ya kumpata kiumbe mmoja wa kale wa Baringo ilianza na gego? Mwaka 1974, katika vilima vya Tugen, Baringo, Martin Pickford aliokota gego moja la chini. Robo karne baadaye, mwaka 2000, yeye na Brigitte Senut walipata mifupa zaidi, na mwaka uliofuata wakaipa jina Orrorin tugenensis, kiumbe wa miaka milioni 6 hivi iliyopita. Jino hudumu kwa sababu enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini.

Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya daiatomaiti, ule unga mweupe wa magamba ya vijimea vya ziwani vya kale. Unga wa aina hiyo ndio hujaza sehemu kubwa ya ile dawa laini inayokorogwa na maji na kuwekwa mdomoni ili kuchukua umbo la meno. Kama umewahi kuipita njia hiyo ukaona weupe kando ya mlima, umeona malighafi ya kliniki.

Na mswaki wa mti, unaoota kwenye ukame wa Baringo na Turkana, Shirika la Afya Duniani liliukubali zamani, mwaka 1986, kuwa njia halali ya kusafisha meno. Upigwe vizuri tu, hadi nyuma.

Je, wajua kwamba waziri wa kwanza wa elimu chini ya katiba ya 2010 baada ya uchaguzi wa 2013, Profesa Jacob Kaimenyi, ni daktari wa meno, bingwa wa magonjwa ya fizi? Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba meno ni njia nyembamba na amtaje.

Kwa aliyekosa alama za shahada, KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba kilichoanza mwaka 1927, hufundisha stashahada ya maofisa wa afya ya kinywa katika jamii, na nyingine ya mafundi wa meno, wale wanaotengeneza meno ya bandia na mataji. Wastani wa C hufungua mlango, pamoja na alama za masomo husika. Ofisa huyo ndiye mara nyingi utakayemkuta kwenye kituo cha afya cha kaunti ndogo, mbali na mji, akiwang'olea watu meno na kuwafundisha watoto. Kazi yake ni kamili kwa nafsi yake.

Shule za meno za Marekani humwuliza kila mwombaji, kwa maandishi na ana kwa ana: kwa nini meno, kwa nini si udaktari? Kenya haiulizi; kompyuta hupanga kwa pointi. Lakini swali ni zuri, na linafaa kujibiwa kabla ya kubofya. Njia ya kulijibu iko karibu: omba ruhusa katika idara ya meno ya hospitali ya kaunti, au kwa daktari yeyote mjini atakayekubali, ukae kona moja asubuhi nzima. Tazama jinsi mgonjwa anavyoingia ameshika shavu na kutoka akizungumza. Tazama pia mgongo wa daktari ulivyopinda kufikia saa sita, na idadi ya wanaotaka jino ling'olewe kwa kuwa kuliziba ni ghali. Ukitoka hapo bado unaitaka kazi hiyo, umejibu.

La mwisho ni la tarehe. KCSE itafanywa na kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 mwaka 2027. Wale wa mtaala mpya walioingia gredi ya 10 Januari 2026 walikwisha kuchagua mkondo, na anayetaka meno njia yake hupitia mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, akiwa na Biolojia na Kemia ndani. Mzazi mwenye mtoto wa gredi ya 9 na akae naye muhula huu.